Nakhungu Aingia Gazetini

Mara ya kwanza jina la Walubengo kuchapishwa gazetini, lilichapishwa kwa kukataliwa, na watu wakachinja kuku vilevile.

Ilikuwa Kitale, mwaka wa 1948, mvua zikiwa zimegeuza njia ya stesheni kuwa ugali. Walubengo alikuwa mpagazi katika ghala la mahindi. Kazi yake ni gunia: alibebe, alitue, arudi kuchukua jingine. Masomo yake yaliishia darasa la pili kwa wamisheni, kisha akatolewa akachunge ng'ombe, na hilo hakumsamehe baba yake wala hao wamisheni waliomwacha aende. Kusamehe wakubwa hakukuwa desturi yake.

Gazeti lenyewe liliitwa Tarishi, lilitoka Nairobi kila mwezi, na ukurasa wake wa katikati ulikuwa wa mashairi ya wasomaji. Huko nyuma, chini ya tangazo la sabuni, palikuwa na Sanduku la Mhariri, mahali ambapo waliotuma kazi isiyofaa walipewa majibu yao mbele ya watu wote. Mwezi ule jibu la pili lilikuwa hili:

"Bw. Walubengo, Kitale: Shairi lako la msiba tumelipata. Humo tumemwona bwana shamba, tumemwona nyapara, chifu na daktari. Marehemu hatujamwona. Vina navyo vinachechemea. Jaribu tena."

Pale kambini kwa wapagazi, waliojua kusoma waliishia kwenye jina. Walilifuata kwa kidole mpaka mwisho, wakaangaliana, wakapiga ukelele. Mtu wa Bokoli huko Bungoma, jina lake limetoka Nairobi kwa mashine. Walubengo alipofungua mdomo kueleza, jogoo alikuwa amekwisha kukamatwa. Na kwao Wabukusu firigisi ya kuku haigawanywi. Hupewa mwanamume mwenye heshima ya siku hiyo, na siku hiyo waliiweka juu ya ugali wa Walubengo.

"Kula, mwandishi," akasema Wabwile, mkubwa wao wa kubeba magunia.

"Si wamenikataa."

"Wamekukataa kwa jina lako ama kwa jina la mtu mwingine?"

"Kwa langu."

"Basi kula. Mimi serikali inanikataa kila siku, na bado haijaniuliza naitwa nani."

Watu wakacheka. Walubengo akaitafuna ile firigisi polepole, ikamkwama kooni, kwa maana alijua anachokula si chake. Lakini miaka mingi baadaye, alipokuwa akihesabu watu wa kuwashukuru, alianza na hawa, waliomlisha heshima kabla hajaistahili.

Shairi lile la msiba lilikuwa la kumlilia mke wake, Nakhungu. Alimwoa Bungoma, akaenda naye kwenye shamba la mzungu mmoja kaskazini ya Kitale, mzungu ambaye watu walimwita Bwana Tumbako kwa sababu ya kiko chake. Wakakaa huko miaka, wakilima mahindi yake na kupewa kipande cha kulima chao. Kisha ikaja mvua moja mbaya, Nakhungu akashikwa na homa. Walubengo alikwenda kuomba lori. Nyapara akamwambia lori ni la mbegu, na Bwana Tumbako hayupo, na asiyekuwepo haombwi. Akambeba mwenyewe kwa mkokoteni hadi kwa daktari mmoja mjini, akaambiwa arudi kesho. Kesho haikuwa na mtu wa kurudi naye.

Akamzika palepale shambani, ukingoni, kwa kukosa namna ya kumpeleka kwao, chifu naye akiwa amekataa kusaidia. Hapakuwa na matanga. Hapakuja wakwe, hapakusimama mtu kumsema marehemu jinsi alivyoishi, na kwa Wabukusu mtu asiyesemwa ni kama hakupita duniani. Walubengo alishika njia kwa miguu mpaka Bungoma kupeleka habari. Akampa shemeji yake Barasa, ndugu ya Nakhungu, aliyekuwa karani wa stesheni na mwenye viatu vya kung'aa. Barasa aliingia jikoni kumwambia mama yao. Walubengo akabaki nje, na akasikia sauti ya mama mkwe ikitoka, imepandishwa makusudi ili imfikie.

"Alimchukua mtoto wangu akampeleka kufa njaa kwa wazungu. Jina lake nisilisikie tena kwa mji huu."

Angejibu nini? Mkwe na mama mkwe hawaangaliani. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Hawasemezani, hawapeani mkono, na kujibizana kupitia ukuta ni kutafuta laana. Walubengo alikuwa na neno la kumwambia, tena neno lenyewe hakulitunga yeye. Nakhungu, akiwa juu ya mkokoteni, alimshika shati akamwambia, "Mama akiuliza, mwambie nilikuwa nakula vizuri." Ndilo la mwisho alilosema likaeleweka. Walubengo alijaribu kulipitisha kwa Barasa, lakini alilifunga ndani ya matusi kwa nyapara na malalamiko juu ya chifu, na Barasa akafikisha matusi, neno likabaki njiani.

Baadaye, alipokwisha kuacha shamba na kuhamia Kitale kubeba magunia, akapata habari moja iliyomkosesha raha. Barasa ameoa, mke wake Dinah amesoma kwa wamisheni, na kila mwezi Barasa hununua Tarishi, Dinah akaisoma kwa sauti jikoni, mama mkwe akisikiliza mpaka matangazo. Walubengo hakuruhusiwa kutajwa kwenye mji ule. Gazeti lilikuwa linaingia.

Aliyempa habari hiyo, naye akiwa ameisikia kwa madereva wa lori la Bungoma, na ndiye aliyempa gazeti la kwanza kulishika, alikuwa Mathenge, fundi cherehani aliyeshona kwenye baraza ya duka la Mhindi pale Kitale. Mathenge alitoka Nyeri, akaenda vita vya Burma, na huko alikaa handaki moja na askari wa Tanga aliyetunga mashairi mabomu yakilia. Alirudi na bega bovu na kipimo cha mizani. Jumapili moja baada ya kanisa Walubengo alimwendea na lile Sanduku la Mhariri limekunjwa mfukoni.

"Umechapishwa, bana," akasema Mathenge. "Chini ya sabuni, lakini umechapishwa."

"Huyu naye ni mkubwa kama wale wengine. Amekaa kwa kiti huko Nairobi, anakula mshahara, anamtetea mzungu."

"Ametetea nani? Hebu soma tena. Anasema mwenye msiba hajamwona."

"Nimeandika amekufa."

"Umeandika wameua. Mzee, wewe umeandika mashtaka, na mhariri si DC." Mathenge akasukuma cherehani kidogo, akaisimamisha. "Mimi nimekujua mwaka mzima. Nyapara wako naweza kumtambua hata gizani, namjua mpaka meno. Mke wako simjui hata urefu."

Walubengo alilikunja tena lile gazeti. Kwanza alitaka kukasirika, kwa kuwa ndiyo njia aliyoizoea. Kisha akamtafuta Nakhungu kichwani amlete mbele ya Mathenge, na akashtuka. Kila alipomkaribia, alimkuta nyapara amesimama mlangoni. Wale watu walikuwa wamemnyima lori, na sasa, kwa mikono yake mwenyewe, walikuwa wamekaa mahali pa mke wake.

"Alikuwa anapenda nini?" akauliza Mathenge.

"Sijui."

"Mtu umelala naye miaka yote hiyo, ati hujui."

Mhindi alifunga mlango wa duka, akawapita.

"Kulikuwa na bata mzinga pale shambani," akasema Walubengo mwishowe. "Dume. Linatembea kifua mbele, linafokea watu. Alilipa jina la nyapara, siri yetu wawili. Asubuhi analiita kwa nguvu, 'Wewe mvivu, njoo ule,' na nyapara mwenyewe anasikia, anafikiri ni jambo la bata."

Mathenge alicheka mpaka akalishika lile bega lake bovu. "Huyo," akasema, "huyo sasa nimemwona. Mlete huyo."

Ni rahisi kusema mlete. Walubengo alikuwa na maneno ya Kiswahili ya ghala na ya kambi, na shairi lilimtaka kila mstari uwe na mizani kumi na sita, nane hapa na nane pale, na vina vilingane kati na mwisho. Mathenge alimfundisha kwa mkasi, akigonga meza kila silabi. Silabi ikizidi, mkasi unabaki juu hewani, na fundi anamtazama kama mtu aliyekanyagiwa kitambaa. Walubengo akaanza kuhesabu hata akiwa na gunia mgongoni. Wabwile akawaambia wengine, "Msimsemeshe, ana mzigo mwingine."

Ili kujinoa alitunga kwanza kitu kidogo, beti tatu za gunia la mahindi: jinsi linavyompanda mtu shingoni asubuhi likiwa mgeni, na jioni likiwa mwenye nyumba. Tarishi wakazitoa. Hazikukaa ukurasa wa katikati, zilikaa pembeni kabisa, lakini safari hii hapakuwa na sanduku wala cha kuchechemea. Walubengo aliliweka gazeti chini ya mto siku kadhaa, akiamka analigusa. Wabwile akataka asomewe, akasomewa, akataka tena, mwisho akasema, "Hilo gunia nalijua. Lilinipanda juzi." Mkubwa wa ghala naye alisikia. Akamwita Walubengo, naye akaenda akijua kazi imekwisha. Yule mkubwa akamuuliza tu kama ni kweli, akatikisa kichwa, akamwambia arudi kazini. Walubengo alitoka mle akiwa hana cha kumlaumu, akaona ni jambo geni kidogo, kama kutembea bila mzigo baada ya siku nzima ya mizigo.

Kutoka Bungoma hakukuja neno. Na kwa nini lije? Gunia si mtoto wa mtu.

Shairi la Nakhungu lilimchukua mavuno yote na mpaka baada ya Krismasi. Alilipeleka kwa Mathenge kipande kwa kipande. Nyapara alijaribu kurudi, na kila aliporudi Mathenge aliuacha mkasi hewani hata kama mizani imetimia. "Toa huyo mtu," anasema, "anaziba." Akatolewa, akabaki mahali pamoja tu, akipita njia wakati Nakhungu anapanda wimbi lake, ulezi wa uji, kwa siri katikati ya mahindi ya bwana, jambo lililokuwa limekatazwa. Ubeti wenyewe ulikuwa huu:

Nakhungu wimbi kapanda, shambani mwa watu wale,
Nyapara alipokwenda, akachimba polepole,
Nayo mvua ikatanda, wimbi likaota tele,
Mama, mwana hakukonda, hakulala njaa mle.

Mathenge aliusikiliza bila kugonga. Kisha akachukua mkasi akakata uzi ambao haukuhitaji kukatwa.

"Sasa," akasema, "tuma."

Likatoka mwezi wa Machi, ukurasa wa katikati, peke yake, beti kumi na moja, na juu yake kwa herufi nene, *Nakhungu*. Chini mhariri alikuwa ameongeza maneno machache ya kwake: "Marehemu tumemwona. Ahsante, Bw. Walubengo." Walubengo alisoma maneno hayo amesimama katikati ya barabara, mpaka dereva wa mkokoteni wa ng'ombe akamtukana. Alikuwa amemlaumu mtu yule msimu mzima, mtu asiyemjua sura, na kumbe ndiye mkubwa wa kwanza aliyemuuliza habari za mke wake.

Kisha ikaja ile desturi ya watu wa mashairi, ambayo Walubengo hakuijua. Mtu akitoa shairi la msiba gazetini, wenzake humjibu kwa mashairi. Mwezi uliofuata zikatoka rambirambi tatu. Moja ya mtu wa Tanga, iliyomwita Nakhungu "dada yetu wa bara". Nyingine ya mwanamke aitwaye Wakonyo, wa kambi moja ya pareto kule Molo, aliyesema naye alipanda maharagwe kwa siri na akashikwa, heri Nakhungu aliyejua kuficha. Ya tatu ya mfungwa, mahali hapakutajwa, aliyetaka kujua yule bata aliishia wapi. Mwezi uliofuata zikaja nyingine.

Walubengo alizisoma barazani kwa Mathenge, zote, na alipofika kwa yule mfungwa sauti ikakatika. Mathenge akawa anatafuta sindano chini.

"Si ulisema hakuwa na matanga," akasema akiwa bado ameinama. "Ona sasa. Watu wamekuja mpaka kutoka pwani, na hakuna aliyekula ugali wako."

Neno la Bungoma likafika kwa mdomo wa dereva wa lori: Barasa anasema shemeji aje Jumamosi. Halikusema kwa heri au kwa shari. Walubengo alivaa shati ambalo Mathenge alimshonea kwa kitambaa kilichobaki cha mteja, akapanda lori la mahindi, akashuka sokoni Bungoma, akaenda kwa Barasa. Aliwaza, mama amesomewa aibu. Nimemtoa binti yake mbele ya watu, na bata wake, na wimbi lake la wizi.

Barasa alimpokea kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Karibu, shemeji. Kaa hapa," akasema, akamwekea kigoda nje, mgongo kwenye ukuta wa jikoni. Walubengo akaelewa aliyeko upande wa pili. Akakaa, akatazama migomba. Dinah akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, gazeti mkononi, likiwa limechakaa kwenye mikunjo.

"Hujambo, shemeji."

"Sijambo, shemeji."

"Mama amenituma," akasema Dinah, na uso wake ulikuwa unajizuia. "Anasema hana neno na mkwe wake. Mkwe wake mila inamjua. Yeye anataka kumuuliza mwandishi wa gazeti."

Walubengo aliangalia miguu yake. "Mwambie mama mwandishi yupo."

Ndani kukasikika kikohozi, kisha sauti, ile ile, lakini imeshuka. "Muulize mwandishi, hiyo habari ya bata ni kweli ama ni ya kupamba?"

"Ni kweli, mama," akasema Walubengo kwa migomba.

"Usinijibu mimi. Mjibu Dinah."

"Shemeji, ni kweli."

Halafu nyuma ya ukuta mama mkwe akacheka, cheko fupi la puani, na Walubengo akalisikia na nywele zikamsimama, kwa maana Nakhungu alicheka hivyohivyo. Miaka yote hakujua alikolitoa.

"Alikuwa hivyo tangu mtoto," ikasema sauti. "Chifu alikuwa na mbuzi wake. Mwambie mwandishi asiniulize huyo mbuzi aliitwa nani." Barasa, karani wa stesheni, akajifanya anapangusa kiatu.

Mama mkwe akamwambia Dinah asome tena pale pa wimbi. Dinah akasoma. Akaambiwa arudie mstari wa mwisho, akarudia. *Mama, mwana hakukonda, hakulala njaa mle.*

"Muulize," ikasema sauti, na sasa ilikuwa ya mtu mzee, "hilo la mwisho alilitunga yeye?"

Walubengo alisema taratibu, ili Dinah asikosee. "Mwambie mama, vina ni vyangu. Neno ni la Nakhungu. Alinituma nilete, nikachelewa. Nilikuwa nagombana na watu njiani."

Dinah hakulirudia. Hapakuwa na haja. Ndani mama mkwe alilia, si kwa kuomboleza kwa sauti kama matangani, alilia kidogo kama mtu anayetua kitu, na Walubengo akalia upande wake, migongo yao ikiwa huku na huku ya udongo uleule. Barasa akaingia nyumbani akawaacha. Baadaye ikatoka sahani kwa mkono wa Dinah: kuku, mchuzi, na juu yake firigisi, nzima. Safari hii ilimshuka vizuri.

Alikuwa amekwisha kunawa aliposikia sauti tena.

"Dinah. Mwambie mwandishi ahsante kwa alichoandika. Nimeshukuru. Lakini ameanza katikati. Ameandika binti wa watu anaolewa, hana alikotoka. Ati mtu huzaliwa siku ya harusi?"

"Mwambie mama hayo siyajui."

"Anajua wapi. Mimi ndiye najua." Kigoda kikakwaruza sakafu, kikisogezwa karibu na ukuta. "Ana kalamu?"

Walubengo akapapasa mfuko wa shati jipya, akatoa penseli ya ghala, fupi, ya kuandikia magunia. Dinah akampa karatasi.

"Anayo, mama."

"Basi aandike. Nakhungu alizaliwa mwaka wa nzige, nami nilikuwa shambani peke yangu..."

Walubengo akaandika, akiwa ameupa ukuta mgongo. Mizani angezihesabu akifika Kitale.